Maswali na Majibu ya Bustani: Pima Maji Kwanza, Springla Baadaye

Masika yakishakatika, barua za safu hii hubadilika. Wanaouliza kuhusu magugu na fangasi hupungua, na wanaouliza kuhusu bili ya maji huongezeka. Safari hii tumechagua barua nane za umwagiliaji wa ukoka. Nyingine tumezijibu kwa kirefu kwa sababu kosa lake liko kwenye bustani nyingi. Nyingine zinahitaji mistari michache tu.

Nina ukoka wa mita za mraba 200. Kijana wa bustani anamwagilia kwa mpira kila jioni, saa nzima na nusu, na bili imenishinda. Fundi anasema nikifunga springla za kisasa bili itashuka mara moja. Ni kweli?
*Msomaji, Mbezi Beach, Dar es Salaam*

Inaweza kushuka, lakini si kwa sababu springla zimefungwa. Itashuka ikiwa maji yanayomwagwa yatapungua, na hilo unaweza kulianza kesho asubuhi kabla hujamlipa fundi hata shilingi.

Chukua ndoo ya lita 20, fungulia mpira kama unavyofunguliwa siku zote, na upime kwa simu ndoo inajaa kwa muda gani. Tuseme imejaa kwa sekunde 67. Hapo mpira unatoa lita 18 kwa dakika. Kwa dakika 90 ni lita 1,620 kila jioni, na kwa siku 30 ni lita 48,600. Yuniti moja ya mita ni lita 1,000, kwa hiyo ukoka peke yake unakula karibu yuniti 49 kwa mwezi.

Sasa linganisha na mahitaji. Maji ya ukoka hupimwa kwa milimita, kama mvua: milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Lita 1,620 ukizigawa kwa mita 200 unapata milimita 8.1 kwa siku. Pwani yetu, siku ya jua kali, jua na upepo huweza kuondoa takriban milimita 5 kwenye uwanja wa majani wenye maji ya kutosha. Aina zinazopandwa sana ukanda huu, kama paspalum na bermuda, hubaki kijani zikirudishiwa kama asilimia 60 ya hizo, yaani milimita 3. Kwa hiyo mnamwaga zaidi ya mara mbili na nusu ya kinachohitajika. Kinachobaki kinazama chini ya mizizi au kinaelekea kwenye mtaro.

Hakuna springla inayogawa maji sawasawa kabisa, hivyo ongeza kidogo kufidia sehemu zinazopata pungufu: 3 gawanya kwa 0.75 (namba ya ugawaji tunayoieleza kwenye barua ya Nyali hapa chini) ni milimita 4. Kwa bustani yako ni lita 800 kwa siku, yuniti 24 kwa mwezi. Hiyo ni nusu ya unachotumia sasa. Mwambie kijana amwagilie dakika 45, na alfajiri badala ya jioni. Alfajiri upepo umelala, na majani hukauka jua likichomoza. Yakilala na maji usiku kucha unayaitia fangasi.

Basi springla ya nini? Ya kugawa. Mtu mwenye mpira husimama pale penye kivuli au penye njia, na hata akiwa mwangalifu hawezi kukisia milimita 4 kila mahali. Lakini tunakuonya: mfumo wa kujiendesha ukiachwa bila mtu wa kuukagua huweza kupandisha bili. Unafunguka kila siku saa ileile, kuwe na mvua kusiwe na mvua, na wenye nyumba wamelala.

Nimefunga springla 12 za kuchomoza kwenye uwanja wa mita 10 kwa 15. Simtanki la lita 2,000 liko juu ya mnara wa mita 4. Nikifungua, nyingine hazinyanyuki kabisa na nyingine zinatema maji hapo miguuni. Je, nimeuziwa feki?
*Msomaji, Kinyerezi*

Yaelekea springla zako ni nzima. Kinachokosekana ni presha. Mita 10 za kimo cha maji hutoa takriban baa 1, kwa hiyo mnara wa mita 4 unakupa baa 0.4, na sehemu yake inaliwa na msuguano ndani ya bomba. Springla yenye nozeli (kinywa cha kutolea maji) ya kawaida ya kupuliza imetengenezwa kufanya kazi kwenye baa 2.1 hivi, ile yenye nozeli ya mikondo inayozunguka inataka kama baa 2.8, na zile kubwa za gia zinazorusha mita 9 na zaidi zinataka baa 3 hadi 3.5. Kwa baa 2.8 mnara ungekuwa na mita 28, na nani ajenge mnara huo? Unahitaji pampu.

Hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Kwenye kibandiko cha pampu kuna namba mbili: kimo cha juu na mtiririko wa juu. Pampu ndogo ya nusu hozipawa huweza kuandikwa mita 35 na lita 35 kwa dakika, na mnunuzi anadhani atapata vyote viwili kwa pamoja. Hapati. Kwenye mita 35 pampu haitoi hata tone, na lita 35 inazitoa maji yasipopandishwa popote. Mwombe muuzaji mchoro wa pampu, ule wenye mstari unaoshuka kutoka kushoto kwenda kulia, usome inatoa lita ngapi kwenye kimo unachokihitaji wewe.

Tufanye hesabu ya uwanja wako. Springla 12 zikipangwa kila mita 5 ni safu tatu za nne nne: 4 za pembeni zinazogeuka robo duara, 6 za kingoni za nusu duara, na 2 za kati za duara zima. Nozeli za kupuliza za mita 4.6 hutoa karibu lita 3.5 kwa robo, 7 kwa nusu na 14 kwa duara, kila dakika. Jumla ni lita 84 kwa dakika, na hakuna pampu ndogo ya nyumbani itakayozibeba zote kwa mpigo. Nozeli za mikondo inayozunguka, zikirekebishwa kwa umbali huohuo, hutoa kama lita 1.5, 2.9 na 5.6. Jumla ni lita 35. Ukibadilisha nozeli peke yake umeondoa zaidi ya nusu ya mzigo, na miili ya springla inabaki ileile maadamu nyuzi za nozeli zinalingana. Nenda dukani na springla moja mkononi.

Kwa hiyo tafuta pampu inayotoa lita 35 kwa dakika kwenye kimo cha mita 30 hivi: mita 28 za nozeli, jumlisha 5 au 6 za msuguano, toa 4 za mnara wako. Usikadirie kwa hozipawa. Pampu mbili za hozipawa 1 zinaweza kuwa na michoro tofauti kabisa. Kama utakayoipata inafika nusu ya mtiririko huo kwenye kimo hicho, gawa uwanja uwe zoni mbili, kila moja na valvu yake, zimwagilie kwa zamu.

Bomba nalo lina kikomo. Bomba jeusi la plastiki la HDPE la milimita 25 lisibebe zaidi ya lita 30 kwa dakika, na la milimita 32 lisizidi 55, ili mwendo wa maji usipite mita 1.5 kwa sekunde. Ukizidisha, springla ya mwisho itakuwa dhaifu kila siku na hakuna nozeli itakayoiponya. Tumia la 32 kutoka kwenye pampu hadi kwenye valvu na kwenye shina la zoni. La 25 litoshe kwa matawi. Usisahau swichi ya kuzima pampu simtanki likiisha maji, maana pampu ikizunguka kavu huunguza sili zake kwa dakika chache.

Taima imewekwa dakika 30 kila siku, lakini nina madoa ya kahawia katikati ya uwanja, na kando ya ukuta pamejaa tope. Nikiongeza dakika, tope linazidi na madoa hayaondoki.
*Msomaji, Nyali, Mombasa*

Usiongeze dakika hata moja. Bustani yako ina maji ya kutosha ila yanaangukia mahali pasipo pake, na kuna njia ya kulithibitisha inayogharimu asubuhi moja na makopo.

Kusanya makopo 16 yanayofanana, yenye kuta zilizonyooka. Ya samaki jodari yanafaa sana. Yapange kwenye ukoka kwa mistari, kama mita 2 hadi 3 kati ya kopo na kopo, mengine karibu na springla na mengine katikati yake. Washa zoni kwa dakika 15 alfajiri, saa ileile inayotumika siku zote. Kisha chovya rula kwenye kila kopo, uandike milimita kwenye mchoro wa uwanja.

Tuseme wastani wa makopo yote 16 ni milimita 3.4. Chukua yale manne yenye maji kidogo zaidi, utafute wastani wake. Tuseme ni 1.7. Gawa 1.7 kwa 3.4 upate 0.5. Namba hiyo ndiyo afya ya mfumo wako. Ikiwa 0.7 au zaidi, springla zinagawa vizuri. Ikiwa 0.5, ili sehemu kavu zipate maji ya kutosha inabidi umwage mara mbili ya mahitaji, na sehemu nyingine zote ziogelee. Ukiipandisha kutoka 0.5 hadi 0.7 umepunguza maji kwa zaidi ya robo na madoa yamepona. Huna kifaa cha bei kubwa kitakachokupa akiba ya namna hiyo kwa urahisi huu.

Makopo yakishakuonyesha pa kuangalia, tembea zoni ikiwa imewashwa. Springla iliyoinama hutoboa ardhi upande mmoja na kurusha angani upande wa pili. Ichimbue, isimamishe wima, ushindilie udongo. Iliyozama kwa sababu ukoka umepanda hukatwa mkondo wake na majani. Ipandishe hadi kofia ilingane na ardhi, au weka ya kuchomoza sentimita 15 badala ya 10. Nozeli iliyoziba huonyesha pengo kwenye feni ya maji: ifungue, osha kichujio chake kidogo kilicho chini, na kama ina ukoko mweupe wa chokaa, iloweke kwenye siki usiku mmoja. Usiichokonoe kwa sindano. Tundu likipanuka hata kidogo, hesabu yote imeharibika.

Kisha angalia umbo la maji yenyewe. Ukiona ukungu unaopeperuka kama moshi, presha imezidi. Weka kipunguza presha kwenye valvu, au springla zenye kidhibiti presha ndani ya shina. Ukiona maji yanaanguka kama pete, mengi mbali na machache karibu, presha ni ndogo. Pima kwa geji badala ya kubahatisha.

Kosa jingine, nalo ndilo baya kuliko yote: nozeli za kupuliza na springla za gia kwenye zoni moja. Za kupuliza humwaga milimita 35 hadi 40 kwa saa. Za gia mara nyingi 10 hadi 15. Hakuna dakika zitakazozitosheleza zote mbili. Nahisi ndiyo hali yako, kwa sababu mafundi hupenda kuweka ndogo kando ya ukuta na kubwa katikati, zote kwenye valvu moja ili kupunguza gharama. Kama ndivyo, tenganisha valvu, au weka nozeli za aina moja uwanja mzima.

Na kanuni ya umbali: mkondo wa springla moja ufike kwenye mguu wa jirani yake. Wengine hudhani ni upotevu maji kukutana. Kumbe bila kukutana hivyo, katikati hubaki pakavu. Kwako Nyali, ambako kusi huvuma kwa nguvu, sogeza springla karibu zaidi kidogo, na zoni zote ziwe zimemaliza kabla ya saa 1 asubuhi.

Udongo wetu ni mwekundu, mgumu. Springla zikiwaka dakika 5 maji yanaanza kutiririka barabarani, lakini nikichimba kidogo chini ni kukavu. Nifanye nini hadi mvua za Desemba?
*Msomaji, Dodoma*

Udongo wa mfinyanzi hupokea milimita 1 hadi 5 tu kwa saa. Wa tifutifu-mfinyanzi 5 hadi 10. Nozeli zako za kupuliza zinamwaga karibu milimita 36 kwa saa. Ardhi haikatai maji, inazidiwa kasi.

Dawa ni kumwaga kwa awamu. Kiangazi cha Dodoma ukoka unahitaji kama milimita 10 kila baada ya siku tatu, na ukiongeza ya ufidiaji ni 13. Kwa kasi ya milimita 36 kwa saa hizo ni dakika 22. Usizitoe kwa mkupuo. Toa dakika 4 au 5, pumzika dakika 45 hadi 60, rudia hadi zitimie. Anza saa 8 usiku ili umalize kabla ya jua. Taima nyingi za sasa zina mpangilio wa kumwaga na kupumzisha; kama yako haina, weka nyakati tano za kuanza, zikiachana saa moja moja, na kila zoni uipe dakika 4 au 5.

Asubuhi yake chomeka bisibisi ndefu ardhini. Ikizama sentimita 15 bila kutumia nguvu, maji yamefika kwenye mizizi. Ikigoma kwenye sentimita 5, ongeza awamu, usiongeze dakika za kila awamu.

Toboa pia uwanja kwa uma wa bustani, matundu ya sentimita 8 hadi 10 kwenda chini, yakiachana kama sentimita 10, kisha tandaza samadi iliyooza vizuri na kuchekechwa na uifagie iingie matunduni. Na ukoka usikatwe chini sana. Kila unapokata ondoa theluthi moja tu ya urefu wake. Majani marefu kidogo huipa ardhi kivuli, na mizizi hushuka zaidi.

Siku tatu ni za udongo wako huu, wasomaji wengine msiziige hivihivi. Mwenye kichanga cha pwani akisubiri siku tatu ataukuta ukoka umenyauka, kwa kuwa kichanga hushika maji machache sana karibu na mizizi. Yeye amwagilie kidogo kila siku au kila baada ya siku moja.

Nimesikia mipira ya matone inayofukiwa chini ya ukoka inaokoa maji kuliko springla. Kisima changu kina maji ya chumvichumvi kidogo. Niweke?
*Msomaji, Kigamboni*

Kwako hapana, na sababu ni mbili zilizo chini ya miguu yako: chumvi na kichanga.

Maji ya matone hupanda kutoka chini kwenda juu, jua linayavuta, chumvi inabaki juu. Baada ya miezi michache ya kiangazi utaona utando mweupe na ukoka unaungua kwa mistari. Springla angalau husukuma chumvi kwenda chini. Kwenye kichanga nacho, tone hushuka moja kwa moja badala ya kusambaa, hivyo juu ya mpira pana kijani na katikati ya mipira pana manjano, uwanja unafanana na shuka la milia.

Nunua kipimo cha mkono cha uchumvi, upime maji ya kisima. Kwa viwango vya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, uchumvi ulio chini ya desisimensi 0.7 kwa mita hayana shida kwa umwagiliaji. Kati ya 0.7 na 3 yanahitaji uangalizi. Zaidi ya 3 ni hatari kwa mimea mingi. Ukiwa katikati, panda paspalum ya pwani, ambayo inavumilia chumvi kuliko aina nyingi za ukoka, mwagilia alfajiri tu ili chumvi isikaukie kwenye majani, na mara moja kwa mwezi mwaga maji mengi kwa makusudi, kama mara mbili ya kawaida, kuosha mizizi. Akiba nyingine zote tunazosifu kwenye safu hii zisikuzuie kufanya hivyo.

Mipira ya matone ni bora pale penye maji baridi na udongo wa tifutifu, hasa kwenye vipande vyembamba vya mita 1 au 2 kando ya njia, ambako springla hulowesha lami kuliko ukoka. Fukia sentimita 10 hadi 15, mistari iachane sentimita 30 hadi 40, matundu kila sentimita 30. Chagua mpira ambao matone yake yana kinga ya mizizi, weka kichujio cha meshi 120, valvu ya hewa mahali pa juu kabisa, na koki ya kusafishia mwishoni ifunguliwe kila miezi mitatu. Bila valvu ya hewa, pampu ikizimwa mpira hufyonza tope kupitia matundu yake, na hutagundua hadi yazibe.

Taima yangu inamwagilia mvua ikinyesha. Stima ikipotea inasahau saa na kuanza kumwaga adhuhuri. Isitoshe, kuna siku inawaka mara nne mfululizo.
*Msomaji, Nairobi*

Tuanze na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linalokula maji zaidi. Bila shaka una zoni nne, na aliyeweka taima aliipa kila zoni wakati wake wa kuanza. Taima haielewi hivyo. Wakati mmoja wa kuanza huendesha zoni zote kwa mfuatano. Ukiweka nyakati nne, zoni zote zinapita mara nne. Futa tatu, bakiza mmoja.

Kuhusu stima, fungua mlango wa taima uone kama kuna nafasi ya betri ya volti 9. Betri hiyo haifungui valvu, inalinda saa tu, na ikiisha hakuna anayejua hadi stima ipotee. Ibadilishe kila mwaka. Kuna taima ambazo zikipoteza kumbukumbu hurudi kwenye mpangilio wa kiwandani, kila zoni dakika 10 kila siku.

Kwa mvua weka sensa ya visahani vinavyovimba vikilowa. Ifunge mahali wazi, mbali na paa na mbali na maji ya springla, uiweke kwenye milimita 6. Kwenye taima kuna matundu mawili ya sensa yaliyounganishwa kwa waya mfupi au kibati. Huo waya sharti uondolewe, la sivyo sensa ni pambo. Kisha washa zoni, bonyeza kipini cha sensa kwa kidole: maji yakikatika, umeifunga sawa. Angalia pia swichi ya pembeni isiwe upande wa kuruka sensa.

Taima zinazosoma hali ya hewa kwenye intaneti ni nzuri, ila zinasoma kituo kilicho mbali, na Nairobi mvua inaweza kunyesha Karen pakawa pakavu Embakasi. Tungekushauri kwanza ujue kitufe cha asilimia ya msimu. Weka 100 Januari na Februari, ushushe hadi 60 Julai wakati wa baridi na mawingu. Nyasi ya kikuyu ni ya nyanda za juu za huko kwenu, haitadhurika.

Huku Dallas tunaruhusiwa kumwagilia siku mbili tu kwa wiki, na kuanzia Aprili hadi Oktoba ni marufuku kwa springla kati ya saa 4 asubuhi na saa 12 jioni. Ukoka utastahimili?
*Msomaji, Texas, Marekani*

Ukoka wa bermuda utastahimili. Udongo wa Dallas kwa sehemu kubwa ni mfinyanzi mzito unaoshika maji kwa siku kadhaa, kwa hiyo jibu la msomaji wa Dodoma ni lako pia: gawa kiasi cha wiki kwa siku mbili, na kila siku umwage kwa awamu kabla ya mapambazuko. Ukinunua kidhibiti kipya, tafuta chenye alama ya WaterSense, inayowekwa kwenye vifaa vinavyookoa maji, uulize mamlaka yako ya maji kama inarudisha sehemu ya gharama.

Zoni ikishazimwa, springla ya chini kabisa kwenye mteremko inaendelea kuvuja na pamekuwa kama kidimbwi. Fundi anataka kubadilisha valvu. Nikubali?
*Msomaji, Moshi*

Subiri nusu saa kabla ya kukubali. Kama uvujaji unakoma, valvu ni nzima; ni bomba linalojimwaga. Mita 40 za bomba la milimita 32 hubeba zaidi ya lita 20, na kila zoni inapozimwa zote hutokea kwenye springla ya chini. Ukimwaga kwa awamu tano, ni lita 100 kwa usiku mmoja. Badilisha springla za chini uweke zenye valvu ya kuzuia maji kurudi ndani ya kitako chake.

Kama maji hayakomi hata baada ya saa kadhaa, valvu haifungi. Funga koki kuu. Hakikisha kwanza skrubu ndogo ya kutolea hewa imekazwa na mshale ulio kwenye mwili wa valvu unaelekea upande wa springla. Kisha fungua skrubu za kifuniko, toa kiwambo cha raba, ukipangusie mchanga, ukiangalie mwangani kama kimechanika. Mara nyingi ni punje moja ya changarawe tu. Kiwambo kipya kwa kawaida huuzwa peke yake kwa bei ndogo kuliko valvu nzima. Unaporudisha, kaza skrubu kwa kupishana pembe kwa pembe.

Koili inayovalishwa juu ya valvu huhusika zaidi valvu inapogoma kufunguka. Chomoa waya zake mbili, uzipime kwa multimita: nyingi za volti 24 husoma kati ya omu 20 na 60. Chini ya hapo imeungua ndani, na isiposoma kitu waya wake umekatika. Ukiunganisha tena tumia viunganishi vyenye grisi ya kuzuia maji, kwa sababu waya uliozungushiwa utepe mtupu kwenye kisanduku chenye unyevu huota kutu, na msimu ujao utaandika barua hii tena.